Kila Mtu Alikuja na Lake

Kamati yetu ya kupambana na chang'aa pale Rhonda ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mpaka leo sidhani walikuwapo wawili walioingia kwa sababu moja. Najua kwa kuwa nilikuwa katibu. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, nikiandika nani kasema nini na nani kaondoka kabla ya sala ya kufunga. Hiyo ilikuwa 2016. Mwaka uliotangulia Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametoa amri ya kufagia pombe haramu, na ingawa vurugu zenyewe zilikuwa huko Kiambu, Murang'a na sehemu nyingine za Mlima Kenya, vishindo vyake vilitufikia Nakuru. Kila chifu alitaka aonekane anafanya jambo.

Kwa asiyeijua Rhonda, ni mtaa unaoufikia ukishapita Kaptembwo, ukiteremka kuelekea ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Ploti moja vyumba kumi, choo kimoja, bomba moja. Makabila yote yako hapo, ndiyo maana mikutano yetu ilikuwa ya Kiswahili mwanzo mwisho. Chang'aa ilipikwa nyuma ya ploti chache ambazo kila mtu alizijua, chifu akiwa wa kwanza.

Walioanza habari yote ni wamama wa chama. Walikuwa wakichanga kila Jumapili alasiri, na wengine walikuwa wameanza kuja mikono mitupu. Sababu ilikuwa moja: Jumamosi ndiyo siku ya malipo ya mjengo, na kati ya mjengo na nyumbani palikuwa na mama pima wanne, yaani wanawake wanaopika na kuuza chang'aa. Mama aliyeongea kwa ukali kuliko wote aliuza mboga kwenye kona ya stendi. Nitamwita Mama Mboga. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa amehamia kwa mmoja wa wale mama pima. Si kwamba alikuwa akinywa huko akalala. Alikuwa amehamisha hadi viatu. Kwa hiyo Mama Mboga aliposimama na kusema pombe inavunja nyumba, watu walitazamana, na kijana mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Lakini alichosema kilikuwa kweli. Alitaja hesabu ya unga, ya kodi, ya karo, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyesimama kumpinga. Nilikaa na hilo kwa muda: mtu anaweza kuwa na kisasi na bado akawa na hoja.

Kisha wakaja wengine. Mwenye baa alileta hema, viti na spika bila kuombwa. Alikuwa na leseni na aliuza keg. Ili uelewe ukarimu wake, lazima uijue historia ya kinywaji chenyewe. Senator Keg ilianzishwa na East African Breweries mwaka 2004, bia ya bei ya chini inayouzwa kutoka kwenye pipa, na serikali ikaisamehe ushuru ili mnywaji wa chang'aa apate pa kuhamia. Nia hiyo ilitangazwa wazi. Mwaka 2013 Hazina ilipoirudishia nusu ya ushuru huo, bei ilipanda na mauzo yakaporomoka, na tulioishi mitaani tuliona wateja waliporudi. Kwa mwenye baa, kila mtungi wa chang'aa unaomwagwa ni wateja wanaovuka barabara kuja kwake. Hakulificha sana. Alisema mbele ya mkutano, "Mimi nalipa leseni, yule halipi chochote," na watu wakampigia makofi.

Mchungaji alikuwa na kanisa la mabati lililopakana na ploti moja ya chang'aa. Mtaa ulisema anaitaka ploti ile apanulie kanisa, na nadhani mtaa haukukosea. Ila ni yeye pia aliyekuwa amewazika vijana wawili wa pale waliokunywa kitu kibaya, na sikuwahi kumsikia akisimulia mazishi hayo bila sauti kumkwama. Ploti na mazishi vyote vilikuwa ndani ya mtu mmoja.

Mwenye ploti mwingine alitaka wapangaji watoke ajenge fleti, na kumfukuza mpishi wa chang'aa ni rahisi kuliko kumfukuza mpangaji mwenye risiti. Mgombea wa udiwani alikuja na fulana zenye uso wake. Shirika fulani lilileta warsha hotelini, chai ya saa nne, na karatasi ya kutia sahihi ili upewe nauli. Hakuna karatasi iliyowahi kusainiwa haraka vile. Mweka hazina wetu alikuwa mzee mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, mtu mpole, mwaminifu kwa kila senti. Nitamrudia.

Na mimi? Nilikuwa nimemaliza diploma na sina kazi. Nilitaka barua ya chifu na mstari mmoja wa kuongeza kwenye wasifu wangu. Tena chumba changu kilitenganishwa na genge moja la wanywaji kwa ukuta wa mabati, na nilikuwa nimechoka na nyimbo za saa nane usiku. Kuwapenda wanadamu kulikuwamo pia, lakini sikukuweka mbele ya usingizi.

Msako ulifanyika alfajiri. Askari wanne, chifu, mwenyekiti wetu, na mimi na daftari. Nyuma ya ploti tulikuta mapipa mawili ya plastiki yaliyofukiwa nusu ardhini, kang'ara, yaani mchanganyiko unaochachushwa kabla ya kupikwa chang'aa, ikitokota bila moto, viputo vikipasuka juu polepole, na harufu ya molasi iliyochacha inayoshika nguo mpaka uifue mara mbili. Kando yake kulikuwa na mafiga, pipa la chuma lililokatwa, sufuria ya maji baridi iliyofunika mdomo wake, na ndani kijisufuria cha kupokea matone. Askari mmoja akapindua pipa kwa teke. Kang'ara ikateremka mtaroni na mabata wa jirani wakaja mbio. Watu wakacheka sana.

Mama pima hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye stuli, akimfunga binti yake tai ya shule. Alimaliza kuifunga, akainyoosha kola, ndipo akaniangalia.

"Katibu, andika vizuri. Andika mtoto yuko kidato cha tatu. Andika nimelipa kodi ya mwezi huu. Na andika huyu," akamwonyesha askari mmoja kwa kidevu, "Ijumaa alikuja kwangu na akaondoka hajanywa."

Kila aliyekuwepo alielewa. Anayefika kwa mama pima na kuondoka bila kunywa amefuata kitu kingine. Mawili ya kwanza niliyaandika. La tatu mwenyekiti alisema halimo kwenye ajenda.

Tusidanganyane, msako ule ulifanya kazi. Magenge yote manne yalifungwa, na kwa miezi kadhaa Jumamosi za Rhonda zilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona. Wamama walirudi na michango. Nikiulizwa kama kampeni yenye watu wa namna ile inaweza kuleta faida, jibu langu ni hilo.

Wakati huohuo alikuja kukaa nasi baba mdogo kutoka Gem, mwalimu mstaafu wa historia, aliyekuwa akihudhuria kliniki mjini. Jioni moja aliniona nikinakili kumbukumbu za mkutano, akasoma orodha ya wajumbe na kucheka.

"Mwanangu, kamati yenu hii si ngeni. Sisi tulikuwa nayo zamani."

Akanieleza habari za Lundha. Desemba 1921 watu walikusanyika pale Gem, wengi wao vijana waliosoma misheni, wakalalamikia kodi, kipande (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba), kazi za kulazimishwa, na nchi kugeuzwa koloni mwaka uliotangulia. Hapo ndipo Young Kavirondo Association ilipopata nguvu. Serikali ilishtuka. Kisha akaingia Walter Owen, kasisi wa Kianglikana mwenye cheo cha archdeacon, chini ya askofu, na mwaka 1923 chama kikawa na jina jipya, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, yeye akiwa rais wake. Ajenda ikahamia kwenye vyoo, usafi wa nyumba na kuua panya.

"Kwa hiyo aliwazima," nikasema.

"Aliwazima, ndiyo. Watu waliodai ardhi waliishia kuhesabu panya. Lakini usiandike upande mmoja. Vyoo vilikuwa vyoo, na panya walileta tauni kweli. Tena ni Owen huyohuyo aliyewaandama wakubwa kwa barua kuhusu wanawake na watoto waliofanyishwa kazi barabarani kwa nguvu, mpaka masetla wakamchukia kabisa."

"Sasa alikuwa upande gani, baba?"

"Ungemuuliza angekuambia upande wenu. Na serikali ingemuuliza, angewaambia vilevile."

Alikunywa chai yake, akabadilisha mada, akaanza kulalamikia bei ya samaki wa Nakuru, ambao kwa mtu wa Siaya si samaki.

Baadaye nikaanza kusoma kuhusu nchi nyingine zilizopigana na pombe, na kumbe mchanganyiko wetu haukuwa wa ajabu hata kidogo. Huko Marekani wanawake waliunda Woman's Christian Temperance Union mwaka 1874, wakati ambapo wengi wao hawakuwa na kura na sheria haikuwalinda ipasavyo dhidi ya mume anayemaliza mshahara baa. Madai yao yalikuwa ya haki kama ya Mama Mboga. Lakini safari ilipoendelea walijikuta wamekaa gari moja na watu wasiopenda wahamiaji Wakatoliki, na wenye viwanda waliotaka mfanyakazi asiyechelewa Jumatatu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, kuchukia bia kukachanganyika na kuwachukia Wajerumani, kwa sababu wenye viwanda vikubwa vya bia walikuwa wa asili hiyo. Marufuku ilianza Januari 1920. Iliondolewa Desemba 1933, katikati ya mdororo wa uchumi, serikali ikiwa na njaa ya ushuru, na hapo tena waliotaka pombe irudi walikuwa na sababu zao za kila rangi.

Mwanauchumi Mmarekani, Bruce Yandle, aliandika mwaka 1983 kuhusu Wabaptisti na wauza pombe ya magendo. Sheria ya kufunga baa Jumapili huungwa mkono na wote wawili: Mbaptisti kwa sababu ya dhamiri, mwuza magendo kwa sababu Jumapili anabaki na wateja peke yake. Mwanasiasa husimama jukwaani akizungumza lugha ya Mbaptisti. Niliposoma hayo nikamwona mchungaji wetu na mwenye baa wakiwa wameketi viti vya mbele chini ya hema lilelile, wakipeana chupa ya maji.

Tofauti yangu na watu wengi wanaosoma mambo ya namna hii ni kwamba mimi sikuishia kuwadharau. Mtaani kuna ugonjwa wa kuuliza "nani anamlipa?" kila mtu anapofungua mdomo, na anayeuliza hujiona mjanja. Swali hilo lina kazi yake, lakini peke yake linaua kila kitu. Kama tungewatoa wote wenye maslahi, tungebaki na chombo cha kuandikia na bila mtu wa kuandika. Na wenye chang'aa wangefurahi zaidi ya wote. Nilichojifunza mimi ni kutumia maslahi ya mtu kama kalenda. Yananiambia tutatembea naye mpaka wapi.

Ya mwenye baa yalitufikisha saa nne asubuhi. Namaanisha saa nne yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo saa aliyokuwa akifungua mlango wa nyuma. Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo kila mtu anaiita sheria ya Mututho kwa kuwa John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeisukuma bungeni, inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Ni sheria hiyohiyo, wengi hawajui, iliyofuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kuiruhusu, almradi mpishi awe na leseni na aitie kwenye chupa. Mama pima gani wa Rhonda ana kiwanda cha chupa? Basi ikabaki haramu kwa maskini tu.

Mapipa ya chang'aa yalipokauka, waume walihamia kwenye keg, na kwa kuwa ni nyepesi, walikunywa nyingi zaidi. Mifuko ikaanza kutoboka tena. Mama Mboga akasimama mkutanoni, kwa ukali uleule, akapendekeza tuiandikie kamati ya leseni ya kaunti kuhusu saa za baa. Palikuwa kimya. Jumamosi iliyofuata hema halikuja, wala viti, wala spika. Tulikutana chini ya mti wa jakaranda wa shule, tumesimama.

Mweka hazina naye alifika kikomo chake kwa upole wake. Mjumbe mmoja aliuliza molasi inatoka wapi. Molasi ni chakula cha ng'ombe, na dukani kwa mzee ilitoka mitungi kwa mitungi. Ng'ombe wa Rhonda unaweza kuwahesabu kwa vidole na ukabaki na vidole. Ikapendekezwa wauzaji wawe na daftari la wanunuzi. Mzee alitabasamu, akasema jambo hilo ni zito, linahitaji mkutano wa peke yake. Alikabidhi vitabu vya hesabu mwezi uleule, kila senti ikiwa mahali pake. Kwa kweli sijapata kumwona mweka hazina msafi kuliko yeye.

Mwenye ploti alipata alichotaka na akajenga fleti, na wanachama watatu wa chama waliokuwa wakipanga pale walihamia mbali kwa kushindwa na kodi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, maana hao ndio waliobeba mabango. Shirika likamaliza mradi wake, likapiga picha, likaandika ripoti ambayo hatukuiona. Mgombea alitusimamishia taa ndefu ya mulika mwizi wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, akashindwa, akazima simu. Taa inawaka mpaka leo. Wasichana wanaotoka prepu usiku wanapita chini yake bila kujua ni ya kura za nani.

Aliyenivuruga hesabu ni Mama Mboga. Kwa kalenda yangu alipaswa kuondoka mapema, maana genge lilipofungwa mumewe alirudi nyumbani. Alirudi mwenyewe kwanza. Viatu vilikuja baadaye. Kisasi kikaisha, na mama akaendelea kuja. Aliandika barua ya saa za baa kwa mkono wake. Aliipeleka mwenyewe ofisini, akarudishwa, akaenda tena. Siku moja nilimkuta akiongea na yule mama pima, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamishia shughuli zake upande wa Mto Njoro. Walikuwa wakijadili karo ya binti. Nilimuuliza, "Mama, si ndiye yule?" Akanijibu, "Ni yeye. Sasa mtoto asisome?"

Sikuweza kuiweka habari hiyo kwenye nadharia yoyote, ya Yandle wala ya baba mdogo. Huenda mtu huingia kwa sababu moja, na kazi yenyewe ikampa nyingine akiwa humohumo. Ikiwa hivyo, kumkagua mtu mlangoni mara moja na kumaliza hakutoshi.

Siku hizi niko kwenye kamati nyingine, ya takataka. Taka zetu huenda Gioto, pale mlimani chini ya Menengai, zile zinazofika; nyingine huishia mtaroni na kushuka ziwani mvua ikinyesha. Katika mkutano wa kwanza niliomba, kabla ya ajenda, kila mjumbe aseme atanufaikaje tukifanikiwa, na iingie kwenye kumbukumbu. Wengine walinuna. Kijana mwenye mikokoteni alisema anataka zabuni ya kuzoa. Mama mmoja alisema anaokota chupa za plastiki na anazitaka zikiwa safi. Mzee aliyekuwa kando yangu alikiri anautazama uchaguzi wa 2027. Mimi nikasema mtaro unapita mlangoni kwangu.

Ikafika zamu ya mchungaji, mwingine, si yule. Alisema yeye hana faida yoyote, ameitwa na Bwana tu. Nikaandika hivyohivyo, nikampelekea karatasi atie sahihi.